Gari la Wazi na Nyumba ya Gasenyi

Wiki iliyopita mwenzetu mmoja wa ofisini alikuja Kinanira na gari jipya, la wazi juu, lenye magurudumu makubwa, yale magari ambayo kwenye matangazo huonyeshwa yakivuka mito. Saa nne tulikuwa wote nje, kuanzia mkurugenzi hadi mfagiaji, tunalizunguka. Kila mtu alipewa nafasi ya kukaa kwenye usukani na kutoa maoni. Mmoja alisifu redio, mwingine kamera ya nyuma, na sekretari mwenzangu akauliza mvua ikinyesha mtu anafanyaje, wakamcheka. Zamu yangu ilipofika nilipanda. Harufu ya plastiki mpya iliyopashwa na jua ikanipanda puani, nikasahau nilichotaka kusema. "Unaionaje?" mwenye gari akaniuliza. Nikasema ni zuri. Nikashuka, nikarudi kwenye meza yangu, na siku ile sikumaliza hata barua moja.

Nimechoka siku hizi. Tangu tumzike baba nalala mapema na kuamka nikiwa nimechoka vilevile. Wa umri wangu mtanielewa: tumefika pale ambapo wazazi wanaanza kuondoka, na vitu vidogo visivyo na maana vinakuja kukukalia kifuani. Kwangu kimekuja hiki cha gari. Maana na sisi tuliwahi kuwa na gari jipya la wazi. Tulikaa nalo kutoka katikati ya kiangazi mpaka mvua ya kwanza, na mpaka leo sijawahi kumwambia mtu yote yaliyotokea.

Baba alikuwa fundi wa kushona viti vya magari huko Buyenzi. Alikuwa na kibanda cha mbao karibu na gereji, cherehani moja nzito ya kushonea ngozi, na sifa ya kutokosea mshono. Maisha yake yote alikalia viti vya magari ya watu wengine, tena yakiwa yamezimwa. Mama alikuwa mtu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka. Alikwenda huko kila wiki kuchukua vitenge, akarudi kuviuza mtaani kwetu, furushi kichwani, mlango kwa mlango. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wao pekee, Zaina, nina miaka minane, na kwa sababu yangu mtaa mzima uliwaita Baba Zaina na Mama Zaina.

Tulikuwa tumepanga. Lakini tulikuwa na kiwanja Gasenyi, kule juu kaskazini ambako mji unaishia, na kwenye kiwanja hicho kulikuwa na nyumba iliyofika usawa wa paa. Kuta zilikuwa za matofali mabichi, yale ya udongo yaliyokaushwa na jua tu. Mama alizijenga kwa vitenge, kama alivyopenda kusema: kila safari ya Uvira iliongeza mstari mmoja. Paa ndilo lililobaki. Mabati yalikuwa yamekwisha kununuliwa na kuhifadhiwa katika ghala la rafiki yake baba kule Zone Industrielle, kwenye viwanda. Na ilibidi paa lipande kabla ya mvua kwa sababu mbili ambazo hata mimi nilizijua kwa kichwa. Ya kwanza, mwenye nyumba yetu ya Buyenzi alikuwa anamwoza mwanawe na alitaka vyumba vyake. Ya pili, tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa udongo. Juu ya kuta mama alikuwa ametandika maturubai mawili ya plastiki ya buluu, shitingi kama tulivyoziita, na kuyakandamiza kwa mawe. Aliyatoa Uvira yeye mwenyewe, kichwani.

Asubuhi moja baba alikwenda Zone Industrielle kuleta mabati. Mama alikuwa amewapikia maseremala sufuria kubwa ya wali na maharage. Tulikaa mlangoni tukisubiri lori. Badala ya lori likaja gari jekundu lisilo na paa, jipya kabisa, plastiki bado iko kwenye viti, na ndani yake baba, amekaa wima, anatabasamu kwa aibu kidogo.

"Mabati iko wapi?" mama akauliza.

"Njo kwanza uone."

"Nimeona. Nauliza mabati iko wapi."

"Mabati imegeuka gari, Mama Zaina," baba akasema. "Lakini itarudi. Wallahi itarudi."

Ilikuwa hivi. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameagiza gari lile kwa ajili ya mteja, mteja akahama nchi, na kifuniko chake cha kitambaa kikapotea bandarini. Gari la wazi lisilo na kifuniko, nani atalitaka? Likakaa katika ghala lilelile lililokuwa na mabati yetu. Mwenye gari alikuwa anajenga bohari na alihitaji mabati. Baba akatoa mabati, akatoa na akiba yote. Hakuuliza mtu. Nadhani alijua angeambiwa nini.

"Sikiliza," akamwambia mama, akishuka na kuzunguka gari. "Arusi zote za huu mji, kameramani anasimama wapi? Nyuma ya kamioneti ya kubeba muchanga! Anachafua suruali, anaanguka. Mi nitamupa gari safi. Anasimama hapa, anashika hii chuma, anafilme bibi arusi kutoka mbele, kortege yote ya magari inaonekana. Jumamosi ine tu. Jumamosi ine, mabati yako iko juu ya nyumba."

"Na mvua?"

"Mvua iko mbali."

"Na mwenye nyumba?"

"Nitaongea naye."

Mama alilitazama gari, akamtazama na baba. Akaingia ndani akaipua sufuria. Wali ule wa maseremala tuliula siku mbili.

Mimi nililipenda gari lile kupita kiasi, na sioni haya kusema. Nililijua kuliko nilivyolijua darasa langu. Milango yake ilitoka. Ukifungua skurubu mbili unaubeba mlango kama sinia. Sakafuni kulikuwa na matundu manne yaliyozibwa kwa mpira, ya kutolea maji, na baba aliniruhusu niyafungue tukiliosha. Viti vilikuwa vyeusi na vilichoma mapaja hata juu ya plastiki, kwa hiyo nilikaa juu ya daftari langu. Vumbi la mtaa liliingia lote. Tulikwenda sokoni na nyuso zetu, tukarudi na nyuso za unga.

Baba naye alilipenda kwa namna yake ya kifundi. Alipitisha kidole kwenye mishono ya viti na kusonya. "Ona hapa, mushono umekimbia. Na wanasema ni mashine ndiyo inashona." Lakini hakutoa ile plastiki juu ya viti. Alisema itatoka siku mabati yatakaporudi. Aliendesha polepole, mikono yote miwili kwenye usukani, na kila mara nilipomtazama kutoka nyuma shingo yake ilionekana ya kijana.

Mama hakupanda. Siku ya kwanza nilidhani ana kazi. Siku ya pili nikadhani anaumwa. Wiki ikapita, na kila asubuhi aliweka furushi lake kichwani na kutoka kwa miguu, na baba alilitoa gari akaenda sambamba naye, mwendo wa kinyonga, mtaa wote unatazama.

"Panda basi, Mama Zaina."

"Niko natembea."

"Hata furushi tu, uweke hapa nyuma."

"Furushi halijasema limechoka."

Watu walicheka vibarazani, na baba alicheka pia, lakini alipofika kona aliongeza mwendo kuliko ilivyohitajika.

Niliwaza sana juu ya jambo hili. Mtoto wa miaka minane akiamua kuwaza, anawaza kwelikweli. Na nilipata jibu siku ambayo shangazi Mwamini, dada yake baba, alikuja kutembea na baba akamrudisha kwake kwa gari. Tulipofika barabara kubwa upepo uliuchukua mtandio wake, ukaruka, ukatua kwenye kichwa cha mtu wa baiskeli. Shangazi alipiga kelele kama ameibiwa. Alijifunika kichwa kwa mkoba mpaka nyumbani, akimlaani baba na gari na aliyelitengeneza. Nikasema, haa, kumbe! Mama anaogopa upepo. Mama alikuwa mtu wa kujisitiri, hajawahi kutoka kichwa wazi hata kwenda msalani. Gari lisilo na paa litamvua mtandio mbele ya watu, ndiyo maana hapandi. Ilikuwa wazi kabisa. Nikashangaa vipi baba, mtu mzima, hakuona.

Arusi zilikuja mbili. Ya kwanza ilikuwa ya watu wa kanisa, bibi arusi na gauni refu, na kameramani alisimama ndani ya gari letu kama baba alivyosema, ameshika kile chuma, akitazama nyuma. Mimi nilikaa mbele na soksi nyeupe. Ya pili ilikuwa ya jirani wa Buyenzi. Halafu mafuta yakaadimika. Miaka ya mafuta kuadimika kwetu ni mingi, kila mtu achague wake. Mistari ya magari ilijaa barabarani, watu wakalala ndani yake, na wenye arusi wakapunguza misafara. Bibi arusi mmoja alipelekwa kwa teksi moja, na kameramani akamfuata kwa miguu. Baba alibaki na mafuta kidogo sana ndani ya tangi, akayahifadhi kwa arusi ya tatu ambayo ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Gari likasimama mbele ya nyumba. Jioni baba alikuwa anakwenda kukaa ndani yake, mikono kwenye usukani, limezimwa. Mama alipita pembeni na ndoo zake za maji na kumsalimia kwa adabu, kama anavyosalimiwa mgeni.

Mwenye nyumba alikuja mara mbili. Mara ya pili alikaa, akanywa chai, na hakusema tena "nitashukuru" kama mara ya kwanza. Alisema mwisho wa mwezi.

Jumapili moja baba alikwenda Gasenyi kuangalia kuta, akanichukua, kwa baiskeli ya kukodi ili asiguse yale mafuta. Kulikuwa kimya. Jua lilikuwa kali, mbingu nyeupe, nyasi zimekauka. Nilizunguka vyumba vyetu visivyo na paa. Chumba cha mama kilitazama mlima. Juu ya kuta yale maturubai ya buluu yalikuwa yamelala chini ya mawe yao, na mimi nikaona kitu ambacho hakuna mtu mwingine angekiona: kitambaa kikubwa, kizuri, kisichofanya kazi yoyote.

"Baba," nikasema, "ushonee gari paa na hii."

Akacheka.

"Mama hapandi sababu ya upepo. Anaogopa mutandio itaruka, kama ya shangazi. Ukishona paa, atapanda."

Hakucheka tena.

"Nani alikuambia?"

"Nilijua tu."

Sasa nikiwaza, naona baba hakuniamini. Alikuwa mwanamume aliyeoa miaka kumi na mbili. Alijua vizuri kwa nini mkewe hapandi. Lakini alikuwa amechoka kuendesha pembeni ya mtu anayetembea. Nadhani alitaka iwe kweli. Alitaka kosa lake liwe kubwa kiasi cha upepo tu, kitu ambacho yeye, kwa cherehani yake, angeweza kukishona kikaisha. Alitazama juu, mbingu haikuwa na hata kipande cha wingu.

"Mvua bado mwezi muzima," akasema, kama anamwambia mtu mwingine. "Tukipata ile arusi nanunua shitingi ingine, narudisha, kwisha." Akaondoa mawe moja moja. Alichukua lile turubai kubwa, lililofunika chumba cha mama na ukuta wa upande wa mlima. "Usimwambie mama yako. Itakuwa surprise."

Siku zile mbili za kushona zilikuwa siku bora za utoto wangu, na ndilo jambo ninaloshindwa kulipanga kichwani. Mama alikuwa Uvira. Nikitoka shule nilikimbia kibandani, nikashika upande mmoja wa turubai wakati baba akiukata mwingine kwa mkasi wake mkubwa. Alilipima gari kama fundi cherehani anavyompima bibi arusi. Alikata madirisha matatu, akashonea plastiki ngumu inayoonyesha nje. Aliweka vishikizo vya shaba pembeni. Karibu na ukingo kulikuwa na kiraka kidogo cha kitenge cha kijani, mahali ambapo turubai lilikuwa limetoboka mama akalishona kwa mkono. Baba alitaka kukiondoa, kisha akakiacha. Mafundi wa gereji walikuja kutazama, mmoja akasema, "Sha, hii ni ya kiwanda kabisa." Baba akajidai hakusikia.

Jumatano alasiri mama alirudi. Gari lilikuwa mbele ya mlango, limevaa paa lake la buluu, halina kunjo hata moja. Baba alikuwa amesimama pembeni amevaa shati safi. Mimi nilikuwa siwezi kutulia. Mama alikuja na furushi lake, akapunguza mwendo, akasimama. Akatabasamu kidogo, nakumbuka hilo. Alinyoosha mkono akagusa kitambaa, kama anavyogusa kitenge kabla ya kukinunua, akaufuata ukingo kwa vidole. Vidole vikafika kwenye kiraka.

Aligeuka akatazama upande wa kaskazini. Mimi sikuwa nimetazama juu siku nzima. Milima yote ya upande wa Gasenyi ilikuwa imekuwa ya rangi ya risasi, na upepo ulikuwa umeanza kupeperusha mifuko barabarani.

Akaweka furushi lake chini, mlangoni, halijafunguliwa. Akashika mlango wa gari, akaufungua, akakaa mbele.

"Gasenyi," akasema. "Haraka."

"Mama Zaina, mvua ya sasa haiwezi..."

"Twende."

Nikaruka nyuma kabla hawajanikataza. Mama yuko ndani ya gari! Nilikuwa nimeshinda. Nilikaa katikati ili nimwone vizuri, na nikaona mtandio wake umetulia kabisa. Baba aliendesha namna ambayo hakuwahi kuendesha. Tulipofika Kamenge matone ya kwanza yalianguka juu ya turubai, makubwa, yanasikika moja moja, kisha yakaja yote pamoja. Nje watu walikimbia na viti vichwani. Ndani tulikuwa wakavu. Nikapapasa mishono yote niliyoweza kuifikia.

"Mama!" nikasema kwa sauti ili anisikie. "Haivuji! Hata kidogo haivuji!"

"Naona, mwanangu," mama akasema.

Gasenyi maji yalikuwa yanashuka kutoka mlimani kwa njia zake, mekundu. Baba alisimamisha gari karibu kabisa na nyumba, wakashuka wote wawili. Mimi niliambiwa nibaki. Nilitazama kupitia dirisha la plastiki alilolishona baba. Ukuta wa upande wa mlima ulikuwa bado umesimama, lakini ukubwa wake ulikuwa umebadilika. Sehemu ya juu ilikuwa inateremka polepole juu ya ile ya chini. Kisha ukalala. Haukutoa kelele kubwa. Ulivuta na ukuta wa chumba cha mama, na pale palipokuwa na chumba pakawa na kifusi kinachong'aa kwa maji.

Baba alirudi mbio, akaanza kung'oa vishikizo. Alilitoa paa lote juu ya gari, mvua ikaniangukia, akakimbia nalo kwenye ukuta wa tatu na kulitupa juu. Lakini lilikuwa limekwisha kuwa paa la gari. Lilikuwa na umbo la gari, na madirisha matatu, na kila alipovuta upande mmoja upande mwingine ulibaki wazi. Akasimama amelishikilia kwa mikono yote miwili juu ya kichwa, amejibandika kwenye ukuta kama anauzuia usianguke. Mama alikuja akashika upande wa pili. Nadhani walisimama hivyo muda mrefu. Mimi nilijilaza kwenye kiti cha nyuma, nikajikunja, na plastiki ya kiti ilikuwa imejaa maji.

Walipochoka, nilisikia sauti ya mama, karibu kabisa, pembeni ya gari. Haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayeuliza njia.

"Nani aliwaza kutoa shitingi?"

Nilifungua jicho moja. Baba alikuwa ananitazama mimi, maji yanamtiririka kwenye ndevu. Nikalifunga.

"Ni mimi," akasema.

"We peke yako?"

"Mi peke yangu."

"Ulijua mvua inaweza kuja."

"Nilijua."

Nilipaswa kuinuka. Nilikuwa na miaka minane, si miwili. Nilielewa vizuri kwamba baba amesema uongo na amesema kwa ajili yangu. Niliogopa tu. Nikabaki nimefumba macho, na tulipofika nyumbani mama alinibeba ndani akidhani nimelala, akanibadilisha nguo, akanifunika kwa kitenge kimoja cha mauzo.

Gari liliuzwa mwezi uleule, kwa mtu aliyejua kwamba tuna haraka. Fedha zote zilikwenda kwenye kodi, na kiwanja cha Gasenyi nacho kikaondoka miaka michache baadaye, kuta zake zilizobaki zimefika magotini. Tulihama kutoka chumba hadi chumba, Buyenzi hiyohiyo. Nimehesabu vyumba saba. Mama alikaa karibu mwaka mzima akimjibu baba kwa "ndiyo" na "apana" tu. Halafu kidogo kidogo akaanza kumtania tena, na mimi sikujua kilichobadilika, na sikuthubutu kuuliza. Baba alishona viti mpaka macho yakamkatalia. Hakuwahi, hata mara moja, hata tulipokuwa wawili peke yetu, kunigusia siku ile. Mara nyingi nilikaa kibandani kwake nikiwa msichana mkubwa, nikiwa na maneno mdomoni, na yeye akanituma nimletee uzi.

Juzi tulimsomea khitma ya arobaini. Wageni walipoondoka nilibaki na mama tukikusanya mikeka katika kile chumba anachopanga sasa. Amezeeka, mgongo umekunjika kwa mafurushi. Akakaa chini, akaniambia nikae na mimi.

"Unajua mi nilimusamehe babako lini?" akaniuliza.

Nikasema sijui.

"Kwa ile nyumba, nilitaka kurudi Uvira. Nilikuwa nimefunga na nguo. Halafu nikakumbuka kule Gasenyi, kwenye mvua, nilimuuliza nani, akasema ni mimi. Hakutafuta mutu wa kusingizia. Angeweza kusema fundi, angeweza kusema mwizi, nani angejua? Nikasema, mwanaume wa kusema ukweli vile, hata kama amenimaliza, nakaa naye. Nikafungua nguo." Akalainisha mkeka kwa kiganja. "Ndiyo kitu moja yake nilishika. Miaka hii yote."

Nilikuwa nimeibeba sentensi moja tangu nikiwa na miaka minane, fupi tu, maneno matatu, "Ni mimi niliyewaza", na sasa ndiyo ilikuwa zamu yake. Nilimtazama mama. Alikuwa anatabasamu, peke yake, kwa mtu asiyekuwepo.

"We hukusikia," akasema. "Ulikuwa umelala mule ndani ya gari."

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Nilikuwa nimelala."